Kijiko cha Mzee Mbelwa

Mpende mgonjwa, mwachie kijiko. Mmeisikia leo mchana kwa mama yenu, alipomzuia Hamza asimvishe shangazi yake mgonjwa viatu, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Mnasema mmeitafuta katika vitabu vyenu vya shule hamkuiona. Hamwezi kuiona, kwa sababu si ya zamani sana. Aliyeisema kwanza nilimfahamu, na siku aliyoisema nilikuwa nimelala wodi moja naye.

Methali hii ilianza hivi.

Mwaka mmoja nilianguka nikavunjika paja. Mfupa ulipounga nikahamishiwa wodi ya watu wanaojifunza upya kutumia viungo vyao. Jirani yangu mle alikuwa Mzee Mbelwa wa Mombo, mtu wa miraba minne, aliyeendesha trekta miaka mingi katika mashamba ya mkonge. Kiharusi kilimpata asubuhi akichota maji ya kuoga. Alilala hospitali kubwa akiwa hajitambui, na watu walikwisha kumkatia tamaa. Mungu akamrudisha. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mguu unaburuzika, mdomo umekwenda upande kidogo, na maneno yalimtoka polepole.

Mzee Mbelwa alikuwa mjane mwenye mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Mwantumu, mdogo Chausiku. Tangu mama yao alipofariki, ndugu hawa hawakuwa wakipatana, na kisa chenyewe kilikuwa mapenzi. Kila mmoja alitaka baba ahamie kwake. Mwantumu alisema yeye ndiye mkubwa. Chausiku alisema yeye ndiye mwenye chumba cha uani. Mzee mwenyewe aliwajibu wote wawili, "Tutaona," akabaki nyumbani kwake Mombo na kuku wake.

Basi ugonjwa ulipoingia, ushindani ule ulihamia wodini. Mwantumu alikuja mchana, Chausiku akaja jioni. Mwantumu akileta ndizi za nazi, kesho yake Chausiku analeta kuku. Mmoja akimkata baba kucha za mkono, mwingine anamkata za miguu. Walimwogesha, walimvalisha, walimgeuza, na zaidi ya yote walimlisha. Mzee alikuwa anakaa ameegemea mito kama bwana harusi, anafungua mdomo, kijiko kinaingia. Sisi wagonjwa wengine tulimwonea wivu. Mimi nilikuwa naletewa chakula na mpwa wangu, ananiwekea bakuli huku anatazama simu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa dada mmoja mpole, jina lake Eliamani. Aliwaambia mabinti wale, kila mmoja kwa wakati wake, "Mwacheni mzee ajaribu kula mwenyewe. Mkono usipopewa kazi utasahau kazi."

Mwantumu alimjibu, "Mwanangu, siku baba yako akiugua utamwacha ahangaike. Wetu tuachie tumhudumie."

Chausiku naye alisema maneno hayohayo, ila yeye alianza kwa kucheka.

Siku moja asubuhi daktari alipita. Akamshika mzee mkono wa kulia, akamwambia aubonyeze mkono wa daktari. Mzee akabonyeza, lakini ilikuwa kama kubonyezwa na mtoto mchanga. Daktari akasema wiki chache zijazo ataruhusiwa kutoka, ila kwa hali ile hawezi kuishi peke yake. Mtu asiyeweza kujilisha wala kujifunga vifungo lazima akae na mtu.

Daktari alipoondoka, Mzee Mbelwa aligeuza uso ukutani, na siku nzima hakunitania hata mara moja. Ndipo nilipojua kwamba lile "tutaona" lilikuwa na maana yake. Mtu yule alitaka kurudi kwake.

Habari za daktari ziliwafikia mabinti, na kesho yake mchana wakaja wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea. Mwantumu ana bakuli la wali na maharage, Chausiku ana bakuli la wali na maharage. Kijiko kilikuwa kimoja, cha mzee, juu ya kabati dogo la kitandani. Mwantumu akakichukua.

"Dada, leo mimi," Chausiku akasema. "Wewe jana ulimlisha."

"Nimlishe jana, nimlishe leo, na akitoka hapa nitamlisha kwangu. Chumba nimeshakipaka chokaa."

"Kwako kuna ngazi. Baba atapanda ngazi na mguu ule?"

"Na kwako kuna mume anayekoroma mpaka majirani wanalalamika."

Sauti zikapanda. Muuguzi akawatazama kwa jicho kali, nao kwa aibu wakatoka nje kwenda kumalizia ugomvi barazani. Mwantumu alikiacha kijiko ndani ya bakuli, na bakuli akaliacha mapajani mwa baba yake.

Maharage yale yalikuwa ya nazi. Harufu yake ilinifikia hata mimi. Mzee aliutazama mlango, akanitazama mimi, kisha akalitazama bakuli. Nje tulisikia, "Nani alikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo?" Ilikuwa dhahiri kwamba watachelewa.

Basi nikauona mkono wa kulia unatambaa juu ya shuka. Ulikwenda kama kobe. Ukafika kwenye kijiko, ukakikosa, ukarudi. Vidole vikakishika kwa namna mtoto anavyoshika kijiti, ngumi nzima. Kijiko kikapanda, kikatetemeka, wali ukamwagika kifuani. Akachota tena. Safari hii kikagonga kidevu. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu anayelima. Akachota tena, akainamisha kichwa kukilaki kile kijiko njiani, na maharage yakaingia mdomoni.

Alitafuna taratibu. Akafumba macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mdomo uliokwenda upande, na mimi nikacheka naye mpaka paja likaniuma.

Mabinti waliporudi, bakuli lilikuwa limebaki nusu. Punje za wali zilikuwa shukani, kifuani, na nyingine ndevuni.

"Nani amemlisha?" Chausiku aliniuliza, kana kwamba nimeiba.

"Mama, mimi kushuka kitandani kwenyewe naomba msaada," nikamjibu. "Nitamlisha saa ngapi?"

"Basi ni nani?"

"Mbelwa," mzee akasema.

"Mbelwa gani, baba?"

"Mbelwa baba yenu. Mmemsahau?"

Mwantumu alishika kitambaa, akainama kumfuta ndevu. Mzee akainua kile kijiko kidogo tu, kumzuia.

"Keti," akasema. "Wote, ketini."

Waliketi. Sauti ilikuwa nzito na ya polepole, lakini ilikuwa ya baba.

"Nimekufungulia mdomo wewe mchana. Nimekufungulia wewe jioni. Nilisema, nikimkataa huyu, ataona nampenda yule. Basi mdomo umenenepa, na mkono umelala. Sasa mnagombana nikae kwa nani. Mimi nina nyumba."

Chausiku machozi yalimlengalenga. "Baba, sisi tunakupenda."

"Najua. Nipendeni. Lakini kijiko niachieni."

Kisha mzee mmoja wa kitanda cha dirishani akasema, "Haya, mmesikia. Mpende mgonjwa, mwachie kijiko." Watu wakacheka, hata mabinti wakacheka huku wanajifuta macho. Neno likazaliwa pale.

Msidhani mambo yakawa mepesi. Ilikuwa kazi kwa mzee, na kwa mabinti ilikuwa kazi zaidi. Mwantumu alikuwa hawezi kutazama. Aligeukia ukutani mpaka bakuli liishe. Chausiku alitazama, lakini kila baba alipofungua mdomo naye alifungua wake. Siku moja kifungo cha shati kilimshinda mzee, akakasirika, na chakula kilipoletwa akakitupa kijiko sakafuni. Akasema amechoka, wamlishe tu, yaishe. Chausiku alikwisha kusimama. Mwantumu akamvuta kanga, "Kaa, mdogo wangu." Akaenda mwenyewe, akakiokota kijiko, akakiosha, akakirudisha pale kilipokuwa, karibu na mkono wa baba yake. Halafu akakaa. Wakasubiri. Chakula kilipoa kabisa, lakini mzee alikila.

Tangu siku hiyo ndugu wale wakawa wanapika chungu kimoja na kuja pamoja. Eliamani alimfundisha mzee kutembea kwa mkongojo, nao walitembea pembeni yake, mmoja huku, mmoja kule, bila kumshika, wakimsimulia habari za kuku wake.

Alipoweza kula na kujifunga vifungo mwenyewe, Mzee Mbelwa aliruhusiwa akarudi Mombo, nyumbani kwake. Mabinti walikwenda kumwona kwa zamu, na walipokwenda walikaribishwa kama wageni. Nilipopona nami nilimtembelea. Alinikorogea chai mwenyewe. Ilichukua muda mrefu sana, na nusu ya sukari ilikwenda mezani. Sijapata kunywa chai tamu kama ile.

Wauguzi waliichukua methali wakawa wanawaambia ndugu wa wagonjwa wapya. Ndugu wakaipeleka majumbani kwao. Siku hizi husemwa hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga wodi ile, kwa mtoto anayejifunza kuandika, au kwa kijana anayeanza biashara.

Sasa wewe Hamza usije ukasema babu amekukataza kumsaidia shangazi yako. Mwantumu na Chausiku hawakuacha kwenda. Walipika, walikaa, walisubiri, na kijiko kilipoanguka walikiokota. Anayemwachia mgonjwa kijiko kisha akaenda zake, huyo hakumpenda. Na anayempenda bila kumwachia kijiko, huyo anamchelewesha. Kesho nenda kwa shangazi, mwekee viatu karibu, ukae naye mpaka avivae.

Mpende mgonjwa, mwachie kijiko.