Ngiri Aliyepanga Shimo la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hamkuitika vizuri. Kila anayelipa kodi ya nyumba aitike kwa nguvu, asiogope. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na mwenye vyumba vya kupangisha akae pale ninapomwona.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipangishana mashimo, palikuwa na Fisi. Fisi alikuwa na mashimo mengi. Hakuchimba hata moja. Mnyama Muhanga ndiye aliyechimba, akahama zake. Fisi akapita, akakojoa mlangoni, akasema, "Langu." Likawa lake. Akaenda kwa lingine, akakojoa, akasema, "Langu." Nalo likawa lake.

Na palikuwa na Ngiri, mama wa watoto wachanga. Shimo lake la zamani lilikuwa limebomoka. Mawingu ya masika yamejaa, na hana pa kulala. Watoto wakinyeshewa watakufa kwa baridi. Ngiri alilijua hilo, akatembea nalo moyoni mpaka kwa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Natafuta shimo la kupanga."

"Lipo. Kodi ni mzigo wa mizizi kila mwezi ukiandama."

"Naomba niingie nilitazame kwanza."

"Utazame nini? Shimo ni shimo! Wenzako wanalitaka. Unachukua, huchukui?"

Ngiri alitaka kusema, ngoja kwanza nione maji yanapita wapi. Akayatazama mawingu. Akawatazama watoto.

"Nachukua."

"Na sharti lipo," akasema Fisi. "Ninyi ngiri mna tabia mbaya. Mnaingia shimoni kinyumenyume, matako ndani, meno nje. Kwangu marufuku! Mpangaji wangu anaingia kichwa mbele. Unamtolea mwenye nyumba meno, ndiyo adabu gani hiyo?"

Sikilizeni hapa. Ngiri wote huingia kinyumenyume. Mama yake aliingia hivyo, bibi yake aliingia hivyo. Ndivyo wanavyouona mlango, wakajua nani anakuja. Shimo ni jembamba. Ukiingia kichwa mbele, hugeuki upesi. Fisi alijua vizuri sana. Na Ngiri akajibu nini?

"Sawa, Bwana Fisi."

Sawa! Neno hilo linanichoma mpaka leo. Unaambiwa uache kinachokulinda, nawe unasema sawa!

"Shimo la nani?" akauliza Fisi.

"Lako, Bwana Fisi."

Mvua ikaanza. Chururu, chururu, chururu! Kumbe mlango umeinamia ndani. Maji yakaingia, yakatuama kwenye malazi, watoto wakalala majini wanatetemeka. Ngiri akamwendea Fisi.

"Bwana Fisi, maji yanaingia. Naomba utie tuta mlangoni."

"Shimo la nani?"

"Lako, Bwana Fisi."

"Basi nikitaka nitatengeneza, nisipotaka sitengenezi. Nenda!"

Ngiri akarudi, akalijenga tuta mwenyewe kwa pua yake, mpaka pua ikachubuka. Kodi analipa, tuta anajenga yeye. Na Fisi alipoliona akasema, "Naam, shimo langu limependeza."

Halafu akaanza kuingia. Hodi hapigi. Asubuhi Ngiri yumo ndani, kichwa ukutani, mara tifu! tifu! tifu! Fisi ameshafika. Anakanyaga malazi, ananusa huku, ananusa kule, anatafuna akiba ya watoto. Ngiri anahangaika kugeuka, hageuki.

"Bwana Fisi, piga hodi basi."

"Nipige hodi kwangu? Shimo la nani?"

"Lako, Bwana Fisi."

Siku moja akaingia, tifu! tifu! tifu! Hakugusa mizizi. Akamwendea yule mtoto mdogo kuliko wote, akamlamba kuanzia shingo mpaka mkia.

"Kodi inapanda," akasema. "Mwezi ukiandama, nataka mizizi, na huyu. Hutaki, hama na mvua hii."

Akatoka anacheka. Ngiri alisikia ulimi ule juu ya mwanawe, na uso wake uko ukutani. Akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Hasira kwa Fisi, na hasira kwa ile "sawa" yake mwenyewe.

Akaenda kwa jirani, mpangaji wa shimo la pili, Nungunungu.

"Jirani, na kwako Fisi huingia hivi?"

"Huingia, mama. Kwangu sharti ni nisisimamishe miiba. Anasema inachubua kuta zake." Nungunungu akageuka. Mgongo una mapengo, miiba imeng'olewa. "Huichukua achokolee meno. Wewe nyamaza tu. Ukisema utafukuzwa."

"Wewe umenyamaza. Amekuacha?"

Nungunungu akatazama chini.

"Aliyelipa kodi si mwizi!" Ngiri akafoka. "Mbona tunajikunyata kama tumeiba?"

Akarudi nyumbani. Akasimama mbele ya shimo. Akageuka. Akaingia kinyumenyume, polepole, watoto wakabaki nyuma yake, meno yake yakatazama mlangoni.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake Fisi huyo, anakuja na mate yanamtoka. Hodi hakupiga. Tifu! tifu! Akatumbukiza kichwa.

Ng'wa!

"Yalaaa! Pua yangu! Pua yangu jamani!"

"Nani anaingia bila hodi?" akauliza Ngiri.

"Mimi! Mwenye nyumba! Shimo la nani hili?"

"Shimo ni lako," akasema Ngiri. "Mlango ni wangu mpaka nitakapohama. Mzigo wako wa mizizi ule pale nje, kama tulivyopatana. Mtoto hakuwemo katika mapatano."

"Toka! Hama leo hii!"

"Kodi nimelipa. Sitoki."

Fisi akapiga kelele, "Nungunungu! Njoo unisaidie kumtoa huyu!"

Nungunungu akatoka. Akasogea. Akafika nyuma ya Fisi. Halafu, cha-cha-cha-cha! Miiba yote iliyobaki ikasimama.

"Na kwangu pia," akasema, sauti inamtetemeka, "utapiga hodi."

Mbele meno, nyuma miiba. Fisi akatazama huku, akatazama kule. Kumbe alikuwa mwoga siku zote! Akauchukua mzigo wake wa mizizi, akaondoka amefyata mkia, damu inamchirizika puani.

Tangu siku ile alichukua kodi nje. Masika yakaisha. Ngiri akamwambia mapema kwamba anahama, akahama kwa hiari yake, na watoto wakamfuata mstarini, mikia juu, wote. Mdogo yule naye yumo.

Funzo ni hili, nalisema wazi. Kabla ya kupanga, ingia utazame. Mapatano yawe wazi. Lipa unachodaiwa, kisha simama wima, maana nyumba unayoilipia si ya kuombea ruhusa ya kupumua. Na sharti linalokutaka ujivue ulinzi wako, likatae mlangoni kabla hujahamia.

Na wewe uliyekaa pale, uliyeacha kucheka tangu Fisi alipochomwa: kesho usiingie kwa yule mama uliyempangisha kabla hajakukaribisha. Ana watoto ndani.

Hadithi imefika mwisho wa njia yake. Mimi nimenyamaza, ninyi semeni.