Jina Moja kwenye Fomu ya Lenzi

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo. Leo sikuleta jibu. Nimeleta swali nililolibeba tangu jana, na nimechoka nalo. Nitaeleza mambo kama yalivyotokea, bila kumpendelea mtu, kisha mzigo nitautua mbele yenu. Mwishoni asiseme mtu kwamba hakuambiwa.

Mjini Bukoba walikuwapo wapiga picha watatu wa harusi na send-off, yaani sherehe za kumuaga bibi harusi, waliofanya kazi pamoja.

Wa kwanza, Projestus, alijaliwa jicho. Ukimpa picha mia mbili za bibi harusi, atakuonyesha ile moja ambayo mama mzazi ameanza kulia nyuma ya keki, nawe hukuwa umemwona.

Wa pili, Adventina, alijaliwa kalamu, na ubishi wa kuiendesha. Mwenye ukumbi akikataa kurudisha amana, ni yeye aliyeandika barua, na amana ilirudi.

Wa tatu, Kokushubila, alijaliwa tabia ya kutotupa kitu na kuandika kila kitu. Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mumewe, Mwalimu Kyaruzi, aliyefundisha jiografia sekondari, alikuwa akifungua kabati na kuangukiwa na maboksi.

"Koku, hili la pasi ni la mwaka gani?"

"Limeandikwa. Wewe si mwalimu? Soma."

Na kweli lilikuwa limeandikwa: mwaka, duka, na jina la muuzaji.

Sasa sikieni. Kampuni moja ya lenzi ilitangaza kwamba atakayenunua lenzi yake ndefu, toleo la Afrika, kabla ya mwisho wa Juni, atarudishiwa sehemu ya bei. Ajaze fomu, alete risiti, picha ya namba iliyochongwa kwenye lenzi, na boksi zima, lisilokatwa, lenye namba hiyohiyo. Kwa wakala wa Dar es Salaam bei ya lenzi hiyo ilikuwa juu mno. Kwa hiyo watatu wakachanga sawa kwa sawa, wakaenda mpakani Mutukula, kwenye duka la mama mmoja aliyeitwa Nalongo, aliyeleta mzigo kutoka Dubai kupitia Kampala.

Lenzi zilikuwa sita mezani, kila moja imevaa soksi.

"Nalongo, mbona zimevaa soksi?" Adventina aliuliza.

"Kwa sababu boksi ni hewa, mwanangu, na hewa ya Dubai inalipiwa usafiri. Lenzi zinakuja na soksi zake, maboksi yanakuja yamekunjwa kwenye gunia. Chagueni lenzi, mchukue boksi lolote. Yote mamoja."

"Na zote ni toleo la Afrika?"

"Zote. Mimi na uongo wapi na wapi?"

Projestus hakubishana. Alizitoa soksi moja baada ya nyingine, akazipeleka mlangoni kwenye mwanga. Namba halisi, yenye alama ya bara, huchongwa chini ya mdomo wa chuma, ndogo kama mayai ya chawa. Alitumia saa nzima, Nalongo akimwambia kwamba lenzi hainunuliwi kwa kubusiwa. Mwisho akasema, "Nne si za Afrika. Hizi mbili ndizo, na ya kulia ina kioo safi zaidi." Wakachukua ya kulia. Ile ya kushoto ilinunuliwa palepale na kijana aliyekuwa akisubiri nyuma yao, mpiga picha wa Kamachumu, akachukua na boksi la pili kati ya mawili yenye alama ya Afrika. Kokushubila, kama kawaida yake, aliandika jina na simu ya kijana huyo.

Bila jicho lile wangerudi na lenzi ya bara jingine, na hadithi ingeishia hapo.

Ilipofika kuandika risiti, Nalongo aliuliza, "Niandike nani?"

"Andika dada Koku," alisema Projestus.

"Aa, andika Projestus, ndiye aliyechagua," alisema Kokushubila.

"Mwandike Adventina, yeye anajua mambo ya karatasi," alisema tena Projestus.

"Mimi? Hapana, waandike wenyewe."

Walipeana heshima hiyo mpaka Nalongo akachoka. Aliandika: *Watu wa Bukoba.* Akapiga muhuri. Ushikeni ukarimu huo, kwa maana ndio uliotufikisha hapa.

Wakatuma madai. Kampuni ikajibu kwamba inathamini sana uvumilivu wao, na kwamba hailipi, kwa kuwa muuzaji hayumo kwenye orodha yake ya mawakala.

Hapo kalamu ya Adventina ikaanza kazi. Alisoma tangazo lote, hata yale maandishi ya chini ambayo hayakuwekwa pale ili yasomwe. Akaandika kwamba kipengele cha saba kinataka toleo la Afrika na risiti, basi. Hakisemi popote kwamba muuzaji awe wakala. Kampuni ikamshukuru kwa kuwasiliana nayo. Akaandika tena. Ikamwomba atume upya kila alichokwisha kutuma. Akatuma. Ikasema mafaili ni makubwa. Akayapunguza. Ikasema hayasomeki. Barua ya nne ilijibiwa "Mpendwa Bwana Adventina."

"Wameniona ndevu," alisema, akaanza ya tano.

Kati ya barua ya tano na ya sita, Kokushubila aliugua, akafariki. Sitaeleza zaidi ya hapo. Haihusiani na lenzi.

Adventina alikaa mwezi mzima bila kuandika. Kisha akaandika ya sita, ya saba na ya nane. Kwenye ya tisa alinakili kipengele cha saba peke yake, akauliza swali moja: neno "wakala" liko wapi? Kampuni ikakubali. Watalipa. Ila, wakasema, namba ya kwenye boksi si namba ya kwenye lenzi.

Bila kalamu ile kampuni isingekubali hata siku moja.

Projestus alikwenda kwa Mwalimu Kyaruzi akamweleza. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo boksi si la lenzi hii."

"Ndiyo, shemeji. Yule mama na magunia yake. Miezi yote hii tumepigania boksi la watu."

"Na hilo boksi la watu liko wapi?"

"Sisi hatunalo. Tulituma picha yake tu, lenyewe hutumwa mwishoni. Lenyewe liko kwako, kabatini. Dada alilihifadhi."

Mwalimu alikuwa hajalifungua kabati lile tangu mazishi. Alilifungua. Boksi la lenzi lilikuwa mbele, juu ya yote. Alipoinua kifuniko aliona ndani yake mistari minne kwa kalamu ya bluu: *Lenzi hii si ya boksi hili, nimelinganisha namba kwenye gari. La kwetu amelichukua Edesius wa Kamachumu.* Chini yake namba ya simu. Mstari wa nne: *Wakiniuliza nitasema. Wamechoka, tusirudi leo.*

Hawakumuuliza. Nani angemuuliza, wakati risiti ya Watu wa Bukoba ilikuwa ya wote na si ya mtu?

Bila maandishi yale wasingejua boksi lao liko wapi katika dunia hii.

Wakampigia Edesius. Alipokea kwa hasira. "Ninyi ndio mna boksi langu? Mimi nilidhani Nalongo ananifanyia mzaha. Miezi miwili kampuni inaniambia namba hazifanani."

"Sisi mitano," alisema Adventina.

"Basi njooni nalo. Zima. Likikatwa hata kidogo, hawalipokei."

Walikwenda Kamachumu, Mwalimu amelipakata boksi njia nzima. Walipofika, Edesius alisoma yale maandishi ndani ya kifuniko, akaambiwa habari za msiba, akampa mkono wa pole. Akasema, "Mwalimu, ningekukatia kipande hiki ubaki nacho. Lakini wataniambia limekatwa, na mimi ada ya mtoto naingoja humo."

"Naelewa."

"Subiri, shemeji," alisema Projestus. Alifunga ileile lenzi kwenye kamera, akayapiga picha maandishi, mara tatu, kwa uangalifu wote wa jicho lake. "Utakuwa nayo. Kubwa, ya ukutani ukitaka."

"Ahsante," alisema Mwalimu. "Picha ya maandishi si maandishi." Lakini hakumkataza. Alikifunga kifuniko, akampa Edesius boksi lake, akapokea la kwao, ambalo ndani lilikuwa jeupe tupu.

Bila mkono ule uliotoa, maandishi yangekuwa habari tu.

Boksi likatumwa. Kampuni ikajibu safari hii kwa siku mbili: kila kitu ni sahihi. Imebaki fomu ya mwisho, yenye mstari mmoja wa jina la mnunuzi. Risiti ya Watu wa Bukoba haiwasaidii. Jina ni moja, la mtu aliye hai, na halitabadilishwa. Huyo ndiye kampuni itakayemtambua kuwa mwenye lenzi, na matengenezo ya bure ya miaka mitatu ni yake. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni.

Najua mnachotaka kusema: wagawane. Mgawo wa fedha waliukubali kwa dakika mbili, mafungu matatu, hakuna aliyenung'unika. Tatizo ni mwenye lenzi. Studio inafungwa, chumba cha mbele Mwalimu anakihitaji kikae kimya. Adventina anahamia Mwanza, Projestus anabaki. Lenzi haiwezi kwenda kote kuwili, na kampuni imewarahisishia ugomvi kwa kuweka mstari mmoja.

Jana walikaa watatu, fomu mezani. Wawili wao ni walewale waliokataa kuandikwa kwenye risiti.

"Niseme ukweli," alianza Projestus. "Nisingechagua mimi, mngekuwa mnabishana na kampuni juu ya lenzi ya Ulaya. Na kila Jumamosi ni nani anaibeba? Bila hiyo narudi kupiga picha za pasipoti. Mwalimu, nakuheshimu, lakini wewe hata kofia ya lenzi hujui inavyotoka."

"Najua," alisema Kyaruzi. "Nimeifuta vumbi kila Koku alipokuwa anairudisha."

"Na mimi?" alisema Adventina. "Barua tisa, Projestus. Wewe uliangalia lenzi saa moja. Mimi niliangalia 'tunathamini uvumilivu wako' miezi mitano, nusu yake nikiwa na msiba. Mwanza naanza bila kitu. Kila barua ina jina langu, wameniita hata Bwana. Leo jina liwe la mwingine?"

"Barua ya kudai boksi la watu," alisema Projestus.

"Lenzi bila barua ni chuma cha kukandamizia karatasi."

Wakamgeukia Mwalimu. Alikuwa akisoma fomu, neno kwa neno, kama anavyosoma mitihani ya kidato cha nne.

"Koku alichanga kama ninyi," alisema. "Aligundua kosa siku ileile, na ndiye aliyejua njia ya kulirekebisha. Yeye hawezi kuandikwa, nimeliona sharti. Naomba niandikwe mimi kwa ajili yake. Lenzi itakaa kabatini, mahali pa boksi lile."

"Bila kutumika, shemeji?"

"Bila kutumika."

"Dada Koku angekuchapa," alisema Adventina, kwa upole. "Yeye alikuwa anatunza vitu ili vije vitumike."

Mwalimu aliirudisha fomu mezani. "Inawezekana," alisema. "Lakini mimi nilishatoa kifuniko. Ninyi mmetoa nini ambacho hakirudi?"

Nami nimejaribu kumjibu kwa niaba yao. Projestus alitoa saa moja ya jicho, ambayo bila hiyo yote yangekuwa bure. Adventina alitoa miezi mitano ya kalamu, ambayo bila hiyo yote yangekuwa bure. Kokushubila alitoa mistari minne, na mumewe akaitoa kwa mara ya pili. Nimepima kila upande, mizani haisogei.

Fomu iko pale mezani, na kalamu ya bluu juu yake. Kesho ni Ijumaa. Mstari ukibaki mtupu hadi saa kumi, kampuni itawashukuru kwa uvumilivu wao na kulifunga faili.

Basi ninyi mliosikia yote, msiniambie waandike Watu wa Bukoba, walishajaribu. Shika kalamu wewe. Je, ungeandika jina la nani?