Waya wa Saba

Kuuliza hakukati waya. Mmelisikia neno hilo gengeni mkadhani limezuka jana. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Korogwe, na chanzo chake ni kichwa kigumu cha Semkiwa, fundi pikipiki.

Injini Semkiwa hakuziogopa. Umeme ndio uliomshinda. Alikuwa akibahatisha, akipatia anashukuru Mungu, na siri hiyo aliijua mkewe peke yake, Bi Mwajabu.

Basi Hoza, fundi mwenzake waliyefunzwa naye karakana moja kule Tanga, akanunua pikipiki kuukuu ya shamba la mkonge. Nyaya zake zilisokotana kama matumbo ya mbuzi, maana kila fundi aliyeipitia aliongeza lake. Hoza akazing'oa zote, akaanza upya. Alipomaliza zilikuwa saba tu, na pikipiki ikawaka kwa kiki moja. Mji mzima ukaenda kutazama.

Semkiwa naye alikwenda. Alizihesabu mara mbili, akasema si mbaya, akarudi nyumbani na ugali ukamshinda. Wivu ulikuwa umemkaba. Mteja akimtaja Hoza, alimwona adui. Sasa yeye alikuwa na pikipiki ya marehemu baba yake, kuukuu vile vile, na Jumamosi ile ndiyo angeipanda kuongoza msafara wa harusi ya Zamda, binti yake wa pekee. Akaapa kuwa ataongoza kwa nyaya pungufu kuliko za Hoza.

Bi Mwajabu alimsihi akamuulize mwenzake, si walikula sahani moja? Semkiwa akajibu kwamba fundi haulizi fundi.

Akang'oa, akaunga, akafikia saba. Sita alizijua. Wa saba, wa kahawia, uliotoka kwenye injini kwenda kwenye betri, hakuijua kazi yake. Akaukata. Akapiga kiki: injini ikanguruma, taa ikawaka, honi ikalia. Alhamisi na Ijumaa akawa anapita na kurudi mbele ya karakana ya Hoza, taa ikiwaka juani, ili tu aonekane. Hoza alimpungia mkono na kuendelea na kazi yake, na hilo likamchoma zaidi.

Jumamosi msafara ukaondoka, tarumbeta nyuma, Semkiwa mbele ndani ya suti. Walipoanza kupanda kilima taa ikafifia, honi ikakwama, injini ikazima. Alipiga kiki mpaka shati likaloa. Magari yakasimama, wakwe wakachungulia madirishani, na Zamda akaanza kulia ndani ya shela lake, kwa kuwa baba aliyemwahidi kumtangulia amekwama njiani.

Hoza, aliyealikwa kama watu wengine, alikuwa mwisho wa msafara na pikipiki yake. Akaja mbele, akainama, akaiona ncha ya waya uliokatwa. Hakucheka.

"Huu uliukatia nini?"

"Sikujua kazi yake."

"Ndio unaoilisha betri. Siku mbili hizi umekuwa ukila akiba."

Semkiwa aliona haya, lakini lililomkaa kooni tangu mwanzo likamtoka. "Wewe ulijuaje?"

"Mimi? Umeme sikuzidi hata kidogo. Nilimpigia simu mwalimu wetu mara kumi na moja, mpaka mkewe akanichoka. Kuuliza hakukati waya, ndugu yangu."

Kumbe usingizi wote ule aliokosa, alikuwa akilionea wivu jambo ambalo hata yeye angeliweza. Hoza akamtia ufunguo mkononi, akamwambia apande ile ya nyaya saba, mtoto anangoja.

Semkiwa akapanda. Akashika usukani, akasita, akautazama mguu wake, maana gia za pikipiki kuukuu hazifanani. Kisha, wakwe wote wakisikia, akageuka.

"Hoza, gia ya kwanza ya pikipiki yako, nakanyaga au nainua?"

Hoza akamwonyesha kwa kiatu chake. Msafara ukaendelea, tarumbeta zikalia tena, na baba akamtangulia binti yake hadi mlangoni kwa mumewe. Kuuliza hakukati waya.