Nguo ya Chatu wa Belizi

Sogeeni. Sogeeni karibu na moto, acheni kusukumana. Wewe, toa hilo ganda la muwa mdomoni, siwezi kushindana na meno yako. Kimya. Kimya kabisa. Paukwa!

– Pakawa!

Kukawa na nini?

– Kukawa na watu!

Kukawa na watu, zamani, zamani za mbali, waliofukuzwa kisiwani kwao na wenye bunduki, wakatupwa baharini. Wanaitwa Wagarifuna. Damu yao nusu ya Afrika kwetu, nusu ya wenyeji wa visiwa vile. Maji yakawapeleka, yakawapeleka, yakawapeleka, hadi nchi ndogo iitwayo Belizi, huko Amerika ya Kati. Mbele bahari yenye matumbawe, nyuma msitu, na nyuma ya msitu milima.

Alikuwamo Felisiana, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache. Na wifi yake Tomasa, ambaye maneno aliyoyaacha Felisiana aliyachukua yote. Felisiana alikuwa ameficha vijiti vya muhogo kiunoni, ndani ya nguo, jasho lake likavilinda visikauke njiani.

Mashua ilipogusa mchanga, msitu ukanguruma. Akatoka Jagwa, chui mkubwa wa nchi ile, mwenye msitu wake.

“Nani kashuka pwani kwangu? Kabeba nini kiunoni?”

“Ni mimi, bwana mkubwa. Nimebeba chakula.”

“Basi pandeni. Kikiwa tayari mtanilisha. Nikishiba, mtakaa. Nikiumwa na tumbo, mtarudi majini mlikotoka.”

Wakapanda. Mvua ikanyesha, jua likawaka, muhogo ukanenepa. Lakini ulikuwa muhogo mchungu, ule wenye sumu. Siku moja akapita Tapiri, mnyama wa kule, mwili wa nguruwe na pua inayoning'inia. Akasema, “Mzizi ni mzizi tu,” akautafuna mbichi. Hakufika mbali! Alikutwa chali, miguu juu, povu mdomoni. Hakufa, lakini alitamani.

Jagwa akaja mbio. “Nani kashuka pwani kwangu? Kabeba sumu kiunoni! Kesho jua likiwa utosini nitakuja kula. Utakula wewe kwanza, mbele yangu. Ukianguka, wenzako wataondoka. Usipokula, mtaondoka wote.”

Waende wapi? Mashua zilikwisha kuoza.

Felisiana alijua kuwa sumu iko kwenye maji ya muhogo, na maji yakitoka, mkate unalika. Kule kisiwani bibi yake alikuwa akiukamua. Kwa kitu gani? Hapo sasa! Kila siku ya kukamua, Felisiana alikuwa kitoto kimelala mapajani mwa bibi, anasikia sauti tu: “Mpe nyoka kwanza, ndipo mle.” Na bibi alifia baharini.

Wakaukuna muhogo kwenye ubao uliopachikwa vijiwe, kama sisi tunavyokuna nazi kwenye mbuzi. Wakakamua kwa mikono. Tomasa akagusa kwa ncha ya ulimi. “Tpu! Mchungu!”

Wakakamua kwa mawe. “Tpu! Mchungu!”

Wakakamua kwa shuka, shuka ikapasuka. “Tpu! Wifi, ulimi wangu umekufa ganzi.”

“Bibi alisema apewe nyoka kwanza,” akasema Felisiana. “Twende tukamtafute.”

Akachukua bakuli la machicha ya muhogo, akaingia msituni, Tomasa nyuma yake. Wakamkuta Chatu amejilaza juu ya tawi.

“Hodi, Mjomba Chatu.”

“Karibu. Umekuja na fimbo?”

“Nimekuja na bakuli. Bibi yangu aliagiza upewe wewe kwanza.”

Chatu akanusa. “Huyo bibi tuligombana lini? Mimi sili mizizi. Kazi yangu mimi ni kukumbatia.”

“Basi kumbatia.”

Wakayafunga machicha kwenye jani pana. Chatu akajizungusha, akabana. Maji yakatoka chururu, chururu, chururu. Tomasa akaonja. “Mh. Mh? Wifi, uchungu umekwisha!”

Lakini lilikuwa konzi moja tu, na Chatu alikuwa anajigaragaza. “Maji yenu yananiwasha! Tumbo zima! Sirudii mpaka mnishonee nguo.”

“Nyoka na nguo?” akasema Tomasa. “Mabega ya kuishikilia unayo?”

“Wifi, nyamaza, lete matete.”

Felisiana akachana matete, akaanza kusuka papo hapo juu ya mwili wa Chatu. Chane huku, chane kule, zikipishana mshazari kama madoa yake. Ikawa kanzu ndefu, nyembamba, toka shingoni hadi mkiani. Tomasa akaona imekunjamana, akashika pindo akavuta.

“Usivute! Unanibana!”

“Nainyoosha.” Akavuta tena.

“Mbavu zangu! Mimi ndiye nikumbatiaye, mimi sikumbatiwi!”

Akavuta mara ya tatu, macho ya Chatu yakamtoka kama ndimu.

Felisiana akasimama akitazama. Ikivutwa, inabana. Akaisukuma kwa juu, ikapanuka, Chatu akachopoka, puu! chini.

“Ewe bibi yangu!” Felisiana akacheka huku machozi yanamtoka. “Hukumsema nyoka wa msituni. Ulimsema nyoka wa kusukwa!”

Kilikuwa kama kifumbu chetu cha kuchujia tui, ila kirefu kumpita mtu. Wakakishindilia machicha, wakakitundika tawini, wakapitisha mti chini yake, na wanawake wakaukalia. Tomasa alikaa wa kwanza, maana uzito alijaaliwa. Chururu, chururu, chururu. Unga ukatoka mkavu. Wakauchekecha, wakautandaza juu ya kaango pana, moto chini, ukaiva mkate.

Jua likafika utosini. “Nani kashuka pwani kwangu? Kabeba nini mkononi?”

“Ni mimi, bwana mkubwa. Nimebeba mkate.”

Felisiana akaumega. Kachu! Watu wote wakaacha kupumua. Akatafuna, akameza, akalamba vidole. Akabaki amesimama. Wakangoja. Bado amesimama.

“Mbona wewe huli?” Tomasa akamwuliza Jagwa. “Au ndevu ni za kupamba?”

Jagwa akala. Kachu! “Mkavu,” akasema. “Hauna ladha.”

“Chovya kwenye mchuzi, baba! Nani kakwambia ule mkavu?”

Akachovya kwenye mchuzi wa samaki wa nazi. Akachovya tena na tena hadi bakuli likalia utupu. Kisha akajifuta mdomo.

“Kaeni,” akasema. Ngoma zikalia pwani nzima.

Mpaka leo, kila Novemba, watu wale hushuka tena kwenye mashua na vijiti vya muhogo mkononi, wakiimba, ili watoto wajue walifikaje. Na nyinyi jueni hivi: mkubwa wako akifanya kazi, usilale mapajani mwake. Amka umwulize inafanywaje, angali ana mdomo wa kukujibu.

Ngano yangu nimeikamua, maji yamekwisha. Urithi ukagawanywa hivi. Jagwa alirithi msitu. Tapiri alirithi pua ya kunusa kila kitu kabla ya kula. Mabinti wa Felisiana walirithi ubao, kifumbu na mkate. Mabinti wa Tomasa walirithi mdomo, na wengine nasikia wameolewa mtaa huu. Chatu alirithi jina tu, kwa kuwa kule wapo wanaokiita kifumbu hicho kwa jina lake. Nguo waliondoka nayo, hadi leo yu uchi. Na nyinyi mliosinzia katikati, mmerithi masufuria. Yako nje, hayajaoshwa.