Mtutu wa Ndalahwa

Kijicho kikisugua, hakibakizi mfereji. Mmeisikia asubuhi kwa mama yenu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni mfereji gani huo, wa maji au wa nini. Mimi niliambiwa na shangazi yangu Nyamizi, mwaka ule tuliovuna mtama ukajaa ghalani, mwingine tukaulaza chumbani mwetu. Shangazi alikuwa jirani wa watu wenyewe. Methali hii ilianza hivi.

Ukingoni mwa msitu wa Ipuli palikuwa na kituo cha askari wa wanyamapori. Kazi yao ilikuwa kuwazuia nyati na tembo wasiingie mashambani, na wakishaingia, kuwatoa. Askari mmoja aliitwa Ndalahwa, Mnyamwezi wa hapo hapo, mume wa Kabula. Alikuwa amekaa kituoni muda mrefu kuliko wenzake wote, na kiongozi wa doria alipostaafu, kila mtu alijua nani ataishika nafasi ile. Ndalahwa mwenyewe ndiye aliyejua zaidi. Alishaanza hata kutembea mikono nyuma.

Ndipo akaletwa Pazi.

Pazi alikuwa Mzaramo, mtu wa maneno mengi. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Akikutania hukasiriki, ukikasirika umeshindwa. Siku ya kwanza tu alimkuta Ndalahwa anakula, akanawa, akavuta bakuli upande wake.

"Mtani," akasema, "wewe umekula miaka yote hii na hunenepi. Niachie mimi nijaribu."

Watu wakacheka. Kabula naye akacheka, akamwongezea mgeni mboga. Ndalahwa alicheka pia, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Toka hapo mambo yakawa hayo hayo. Wanawake wakileta asali kituoni, watauliza, "Yule mcheshi yuko wapi?" Mzee akivamiwa na nyati shambani, atapita mbele ya Ndalahwa kama anapita mbele ya kisiki, aende kumweleza Pazi. Wivu, wajukuu zangu, hauanzi na jambo kubwa. Unaanza na upawa wa mboga.

Basi, zikaja bunduki mpya. Alizileta fundi wa bunduki wa wilaya, mzee Mgalula, zikiwa bado kwenye masanduku, zimepakwa grisi ya kiwandani. Akawakusanya askari uwanjani.

"Msione jipya mkadhani limekamilika," akawaambia. "Kiwandani wana haraka. Keekee ikitoboa mtutu inaacha mikwaruzo ndani. Mikwaruzo inashika uchafu wa risasi, na bunduki yenye uchafu haina adabu, inapiga inapotaka yenyewe."

Akampa kila mmoja unga laini wa kusugulia uliochanganywa na mafuta. Akawaonyesha jinsi ya kufunga kitambaa kwenye ufito wa chuma na kukipitisha ndani ya mtutu polepole.

"Sikilizeni kwa mkono," akasema. "Kitambaa kikikwama, hapo pana ukwaruzo. Kikipita bila kukwama, basi, acheni. Mkichungulia mkaona bado kuna vistari, viacheni hivyo hivyo. Na hii mifereji inayozunguka ndani kama kamba iliyosokotwa, hii si ukwaruzo! Hii ndiyo inayoizungusha risasi ikaenda imenyooka. Mkiimaliza mtabaki na bomba."

Akaaga, akasema atarudi na Bwana Mkubwa wa wanyamapori mtama utakapoanza kuinama. Siku hiyo watapiga shabaha, na atakayewashinda wenzake ndiye kiongozi wa doria.

Ndalahwa alisugua kama alivyofundishwa. Alikuwa na mkono mzuri, tusimnyime haki yake. Kitambaa kilipoacha kukwama, akaenda nyuma ya kituo kuijaribu, akatundika kibuyu mbali, akapiga. Kibuyu kikapasuka katikati. Akarudi anapiga mluzi.

Mlangoni akamkuta Pazi ameketi, bunduki magotini, ndiyo kwanza anamaliza kuipangusa kwa mafuta.

"Mtani, njoo uone mtutu," Pazi akamwita. "Huu unang'aa, mkeo anaweza kujitazama humu akasukwa nywele."

Lilikuwa neno la utani, la kurushwa na kusahauliwa. Lakini lilimtaja Kabula, nalo likamwingia. Ndalahwa akainua bunduki ile kuelekea juani, akachungulia. Kweli, ndani kulimeremeta kama bati jipya. Akaenda faraghani, akachungulia na ya kwake. Mtutu ulikuwa safi, lakini aliona vistari, vyembamba kama nywele.

"Yule mzee kampa nzuri, mimi kanipa hii," akajisemea. Kibuyu akakisahau pale pale.

Siku ile ile akaanza kusugua upya. Unga wa Mgalula ulipomwishia, akaenda kwa seremala kuomba msasa, ule mkali wa kulainishia milango. Akauzungushia kwenye ufito na kuendelea. Akichungulia, anaona vistari. Akisugua tena, akichungulia, anaona vingine, kwa sababu msasa wenyewe ndio uliokuwa ukivichora. Hakujua. Mwishowe akachota mchanga na majivu jikoni, yale Kabula aliyosugulia sufuria.

Kabula alikuwa mwanamke ambaye sufuria zake zikianikwa juani, mpita njia hufumba macho. Akamtazama mumewe akiwa ameloa jasho.

"Baba Shija, hiyo ni bunduki au sufuria?"

"Niache."

"Mimi sufuria naisugua kwa nje, majirani waone. Humo ndani ya mtutu ataona nani?"

"Nataka ing'ae kumshinda yule."

"Yule nani?"

Ndalahwa akainamia mtutu. Akaongeza mchanga.

Siku zikapita hivyo, hata kitambaa kikawa kinateleza ndani ya mtutu bila kugusa kitu. Akachungulia. Hakuna vistari, hakuna chochote, kote ni mng'ao mtupu. Moyo ukamtulia. Hakuijaribu tena kwenye kibuyu, alihofu kuuchafua.

Mtama ukainama. Bwana Mkubwa akaja, na mzee Mgalula pamoja naye. Karatasi za shabaha zikabandikwa kwenye kichuguu, na kijiji kizima kikaja kutazama. Pazi akapiga. Matundu yake yakakaa karibu karibu, kama vifaranga chini ya mama yao. Ndalahwa akasogea, akajilaza, akapumua vizuri, akapiga. Mkono haukutikisika hata kidogo.

Karatasi yake ililetwa, watu wakainamia. Tundu moja lilikuwa juu pembeni, jingine chini kabisa, risasi nyingine hazikuonekana zilikokwenda. Na matundu yenyewe hayakuwa ya mviringo. Yalikuwa marefu, kama tundu la ufunguo.

"Mtani!" Pazi akapaza sauti. "Risasi zako zinasafiri zimelala ubavu!"

Kicheko kikalipuka. Mzee Mgalula peke yake hakucheka. Aliichukua ile bunduki, akachungulia, akachungulia tena kwa upande wa pili.

"Ndalahwa, mwanangu, mifereji iko wapi?"

"Niliisugua, mzee. Nilitaka ing'ae kama ya Pazi."

Mzee akaiomba bunduki ya Pazi. Akafunga kitambaa kikavu, akaupangusa mtutu mpaka ukakauka kabisa, akampa Ndalahwa. "Chungulia."

Ndalahwa akachungulia. Vistari vilikuwamo, vyembamba kama nywele, sawasawa na vile alivyoviona kwake siku ile.

"Ulichokiona kinang'aa kilikuwa mafuta," mzee akasema. "Bunduki zilikuwa sawa. Tena mkono wako ni mzuri kuliko wa huyu, ungempita."

Pazi alifungua mdomo aseme neno la utani, akautazama uso wa mwenzake, akafumba mdomo.

"Kijicho kikisugua," mzee Mgalula akasema taratibu, akiifunga ile bunduki kwenye gunia, "hakibakizi mfereji."

Uongozi akapewa Pazi. Ndalahwa, kwa kuwa hapakuwa na bunduki nyingine, akapewa debe na gongo awe anawafukuza nyati kwa kelele.

Jioni alirudi nyumbani, akakataa chakula, akajinyoosha kitandani. Kabula akaja kuketi pembeni.

"Ulipasua kibuyu kwa bunduki ile," akasema. "Nyamizi alikuona."

"Nilikipasua."

"Katikati?"

"Katikati kabisa."

Kabula akazima taa. Akajilaza upande wake, na haikupita muda akawa anakoroma. Ndalahwa alibaki anatazama paa, vidole vya mkono wake wa kulia vikisogea mbele na nyuma juu ya shuka, kana kwamba bado vimeshika ufito. Alipoviona akavikunja, akavibana kwapani.

"Kijicho kikisugua, hakibakizi mfereji," akasema kwa sauti ndogo, akageukia ukutani, na usingizi ukamchukua.