Nani Alimfanya Lutfia Aamini?

Hapo zamani, na si ile zamani ya wafalme na majini bali zamani ya juzijuzi tu, watu walipokuwa wameshazoea kubisha hodi kwa kidole gumba kwenye simu, aliishi katika mji wa Mtondooni wakili mmoja aliyeitwa Lutfia. Lutfia hakuwa mtu wa kuamini. Shahidi akisema alimwona ng'ombe, Lutfia humuuliza alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, na ng'ombe mwenyewe alielekea wapi. Mumewe Haji, fundi wa viyoyozi aliyekuwa akifanya kazi Muskati, alipenda kusimulia kwamba siku ya ndoa yao shekhe alipomuuliza bibi harusi kama amekubali, bibi harusi alitaka kwanza asome maandishi ya mkataba wa ndoa. Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Aliyasoma yote.

Mara moja tu maishani Lutfia aliamini bila kuuliza, na mara hiyo alimpoteza mtoto. Alikuwa akiishi mji mwingine wakati huo, na katika simu yake aliona tovuti ya zahanati moja: ukurasa mweupe kama shuka iliyopigwa pasi, madaktari sita waliokunja mikono wakitabasamu, na maneno makubwa, "Tupo usiku na mchana." Uchungu ulipomjia, akaenda. Akakuta kufuli, na mlinzi aliyemweleza kwa adabu kamili kwamba daktari huja Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Sasa alikuwa na mimba ya pili, mwezi wa nane. Alikuwa amehamia Mtondooni miezi mitatu tu iliyopita, hamjui mtu ila mama mkwe wake, Bi Zaituni, aliyekuja kumwangalia. Mimba hii Lutfia aliilinda kwa silaha pekee aliyoiamini: shaka.

Katika mji huo palikuwa na Nyumba ya Wakunga, na mkuu wake alikuwa Bi Mgeni, mwanamke aliyezalisha nusu ya watu wazima wa mtaa ule. Nyumba ile nayo ilikuwa na tovuti. Lakini kwa kina Bi Mgeni, mgeni haulizwi shida yake kabla hajasalimiwa. Basi tovuti yao ikasalimia. Ukifungua, unasalimiwa. Ukigusa, unaulizwa habari za nyumbani. Ukigusa tena, habari za watoto. Ukigusa tena, habari za kazi, kisha za afya, kisha za majirani, kisha za safari. Kurasa saba za salamu, kila moja na maua yanayozunguka na tarabu inayojipiga yenyewe, ndipo ukurasa wa nane utoe namba ya simu. Ukurasa wa tisa ulieleza dalili za hatari na mambo ambayo nyumba ile haikuyaweza. Na juu ya yote ilikaa picha ya mama mmoja wa nchi za mbali, amebeba kichanga, nyuma yake dirisha limejaa theluji.

Miaka miwili ilipita. Waliopiga simu kutokana na tovuti ile walikuwa wawili, na mmoja alitaka kujua ile tarabu imeimbwa na nani.

"Sielewi," alisema Bi Mgeni. "Tumewasalimia vizuri mno."

Akamwita mpwa wake Kibibi, aliyekuwa mchora hina kabla ya kusomea usanifu wa tovuti. Kibibi akafungua, akasalimiwa, akasalimiwa, akasalimiwa, akaiweka simu chini.

"Shangazi, mgeni wako yuko mlangoni, chupa imepasuka, nawe unamuuliza habari za safari!"

"Nisipomsalimu watasema hatukulelewa."

"Salamu yake ni namba ya simu. Hapa juu, kubwa, na isicheze."

Kibibi akaitoa tarabu. Akayatoa maua. Akachagua rangi mbili tulivu, akaacha nafasi jicho lipumzike, akapanga herufi ambazo hata mwenye macho ya machozi angezisoma. Kisha akaazima simu ya bei ndogo kuliko zote mtaani, akaenda bondeni mahali mtandao unapokatikakatika, akahesabu moyoni mpaka ukurasa ufunguke. Ukichelewa, anarudi anapunguza. Alikwenda bondeni mara kumi na tisa.

Lakini alipofika kwenye yale maneno ya ukurasa wa tisa, akasita. "Haya nayatoa. Nani hutundika aibu yake sebuleni?"

Bi Mgeni akasimama. "Salamu zangu umezitoa, nimenyamaza. Haya hayatoki. Tena yapande juu, yakae chini ya namba ya simu." Akaketi kuyaandika upya kwa mkono wake: Hatufanyi upasuaji. Hatuna benki ya damu. Hospitali ya wilaya iko mwendo wa dakika arobaini kwa gari letu. Miguu na uso vikivimba, kichwa kikiuma, macho yakiona ukungu, usingoje na usije kwetu kwa miguu. Piga simu, tutakufuata na kukupeleka hospitali.

Ikabaki picha. Saumu, mpiga picha za harusi ambaye Kibibi alimwomba msaada, akamtazama yule mama wa theluji. "Huyu ni nani? Mtu akija akamwulizia, tutamtoa wapi?" Akaenda kwa kila mkunga, akamwomba ruhusa, akampiga picha akiwa kazini na bila kumpamba, na chini ya kila uso akaweka jina na namba ya leseni. Akapiga picha ya mlango wa nyumba, wa buluu, rangi imebanduka upande wa kitasa.

"Nikutolee huo mbanduko?" aliuliza Kibibi. "Ni kazi ya dakika moja."

"Uache. Akija ataukuta."

Hiyo ndiyo tovuti aliyoifungua Lutfia. Akaitazama, na kabla hajasoma neno, mabega yake yakashuka. Akakasirika. Aliwajua washtakiwa waliovaa vizuri. Mavazi si ushahidi. Akaifunga simu.

Kesho yake akaifungua tena, safari hii kama wakili. Akasoma mambo yasiyowezekana katika nyumba ile. Kwa miaka kumi na miwili mahakamani hakuwahi kumsikia mdai anayeanza kesi yake kwa yale yanayomdhuru. Akazipeleka namba tatu za leseni kwenye baraza la wakunga. Zote tatu zikathibitishwa. Je, aliamini? Hapana. Alisema, "Nitaangalia."

Alasiri ya Jumanne kichwa kikaanza kumgonga. Miguu ilikuwa imejaa tangu asubuhi.

"Ni uzito wa mimba," alisema Bi Zaituni. "Nikuchemshie tangawizi ulale kidogo. Nami nilikuwa hivyo hivyo kwa Haji."

Lutfia akautazama ukuta, na ukuta ukaingia ukungu. Mtandao ulikuwa dhaifu, lakini ukurasa ukafunguka. Maneno yale yakawa palepale alipoyaacha. Akaigusa namba.

"Nyumba ya Wakunga, mimi Riziki."

Lutfia akamtajia jina, mtaa, kichwa na miguu.

"Na macho, unaona ukungu?"

"Ndiyo."

"Lala kwa ubavu wa kushoto. Ninakuja."

Gari lilipofika, hofu ya kale ikamrudia Lutfia. Akamkumbuka yule mlinzi na lile kufuli, akaona kwamba anakaribia kumkabidhi mtoto wa pili kwa mtu asiyemjua. Akashika komeo, asifungue. Akachungulia dirishani. Aliyesimama mlangoni alikuwa na baka jeusi kando ya pua. Sura ya tatu katika ukurasa ule, Riziki Makame. Lutfia akafungua.

Ndani ya gari, mbele ya Riziki na Bi Zaituni, akaweka nadhiri: "Nikitoka hospitali nina mwanangu, yule aliyenifanya niwaamini watu hawa ndiye atakayekuwa somo yake."

Hospitali wakamfanyia upasuaji. Daktari alimwambia baadaye kwamba kilikuwa kifafa cha mimba kinakuja, na kwamba saa moja ya tangawizi ingewachukua wote wawili. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa.

Katika mji ule, somo si jambo la mchezo. Mtoto hupewa jina la mtu, na mtu huyo humfunika kanga ya kwanza, humfunda akikua, na huulizwa anapoposwa. Mtoto ana somo mmoja. Ukimpa watatu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda kumtazama. Na Lutfia, aliyewabana wengi kwa ahadi zao, hakutaka kuipinda yake.

Siku ya saba wanawake wakakusanyika sebuleni kwake, Lutfia akawasimulia yote yaliyomkuta na kuuliza somo ni nani. Riziki aliulizwa kwanza. "Mimi simo," alisema. "Nilipofika alikuwa ameshapiga simu."

"Na mimi niliyechemsha tangawizi?" akauliza Bi Zaituni.

"Wewe, mama," alisema Lutfia, "shukuru huchukuliwi maelezo kama mshtakiwa." Wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Kibibi akasema: "Maneno ya shangazi yangu yalikaa miaka miwili katika tovuti ya zamani, na hakuna mja aliyeyafikia. Mimi niliyatoa kaburini. Ulipofungua, mabega yako yalishuka kabla hujasoma, umesema mwenyewe. Na ulipougua, ukurasa ulifunguka kwa sababu nilikwenda bondeni mara kumi na tisa. Mtoto huyu ni Kibibi."

Lutfia akamjibu: "Ukurasa ulionipotezea mtoto nao ulikuwa mzuri. Nao ulinituliza. Kazi yako inamtumikia mkweli na mwongo sawasawa."

"Ni kweli," alisema Kibibi, wala hakuinamisha uso. "Na mwongo akinifuata nitamfukuza. Lakini niambie, wakili: mkweli asiyesikika amekufaa nini?"

Lutfia akalipenda jibu lile kuliko alivyotaka.

Saumu akasema machache: "Ulikuwa umeshika komeo. Ukurasa mzuri ulikuwa umeshauona, maneno umeshayasoma, simu umeshapiga, na bado ulikuwa hufungui. Ulifungua ulipoiona ile sura. Mimi ndiye niliyeiweka."

"Picha hudanganya pia. Wale madaktari sita walikuwa na sura."

"Sura, ndiyo. Je, walikuwa na majina? Ulikuwa na namba ya kuipeleka barazani? Nilikupa kitu cha kukipima, kwa sababu nilijua yuko mtu kama wewe. Hata mbanduko wa mlango sikuufuta."

"Lakini nilikuwa nimeshapiga simu, Saumu. Bila simu, Riziki asingekuwa mlangoni."

"Na bila kufungua, simu ingekuwa kelele tu."

Mwisho Bi Mgeni. "Mimi sina ustadi, mwanangu. Ustadi wangu ulikuwa maua na tarabu, na wanawake walinikimbia. Ila nitakuuliza moja. Hawa wawili walikufanya usikimbie. Walikufanya ufungue mlango. Lakini kilichokuinua dhidi ya tangawizi ya mama mkwe wako, kilikuwa nini?"

"Maneno yako," alisema Lutfia. "Nilijiwazia: watu waliokubali kusema wasichokiweza, wakisema jambo ni la hatari, basi ni la hatari."

"Basi."

"Lakini Bi Mgeni, maneno hayohayo yalikuwapo miaka miwili. Ukweli wako uliuzika mwenyewe chini ya kurasa nane. Na katika miaka hiyo huenda wako wanawake walioona ukungu, wakasalimiwa, wakaifunga simu."

Uso wa Bi Mgeni ulibadilika. "Wako," alisema kwa sauti ndogo. "Mmoja namjua kwa jina. Ndiyo maana nilisema yapande juu."

Kibibi akamshika shangazi yake mkono.

Lutfia akawatazama wote watatu, akapima. Mmoja alimfanya akae. Mmoja alimfanya ainuke. Mmoja alimfanya afungue. Ukimwondoa Kibibi, hakuna aliyesoma. Ukimwondoa Bi Mgeni, hakuna cha kusoma isipokuwa uzuri, na uzuri peke yake alishawahi kuuona kwenye mlango wenye kufuli. Ukimwondoa Saumu, komeo liko mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu avae joho la uwakili, mbele yake walisimama wadai watatu na hakuna mwongo hata mmoja. Akatamani angempata mwongo, kesi ingekwisha.

Simu ikalia. Alikuwa Haji, Muskati, mtandao unakatika, sauti inakuja na kwenda. "Nimenunua udi," alisema. "Nimewaambia jamaa zangu wote hapa kwamba nimepata binti. Wananiuliza anaitwa nani. Lutfia? Unanisikia? Anaitwa nani?"

Kibibi akatazama chini. Saumu akatazama dirishani. Bi Mgeni akamtazama mtoto. Lutfia akaiweka simu mbele yao wote watatu.

Baba anangoja kwenye simu, nadhiri imewekwa mbele ya mashahidi, na jina ni moja. Basi nyinyi mliosikiliza kesi hii tangu mwanzo, msimwachie wakili peke yake. Mjibuni Haji: mtoto ni Kibibi, ni Saumu, au ni Mgeni? Je, nani alistahili?