Pikipiki Iliyopimwa Ikiwa Imeegemea

Wapendwa, kijana mmoja alikuwa na mama ambaye macho yake yalikuwa yanafifia. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kutoka mjini kwa siku moja tu, kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya mlima. Ukiwakosa, ungoje mwaka ujao, na macho ya mama yule hayakuwa na mwaka mzima wa kungoja.

Basi siku moja kabla, kijana akabadilisha oili ya pikipiki yake mwenyewe, ili safari isije ikamwangusha. Alipomaliza akachomoa kijiti cha kupimia. Oili imegusa ncha tu. Akaongeza. Asubuhi akapima tena, akaona bado haitoshi, akaongeza tena. Mama akamwambia waondoke, jua linapanda, lakini yeye aliogopa injini isije ikakauka mlimani.

Walipoanza kupanda, pikipiki ikatoa moshi mweupe. Ninyi mngefikiri nini? Yeye alifikiri oili inaisha. Akaiegemeza kwa stendi ya upande, akapima, akamimina yote iliyobaki kwenye chupa. Hawakufika mbali. Injini ikakohoa, ikazima, na oili ikaanza kuchuruzika chini.

Wakakwama pale mpaka mchana ukageuka, kijana anapima na kufuta, anafuta na kupima. Ndipo mama akauliza, "Mwanangu, ukipima, hiyo pikipiki imesimama au imelala?"

"Imeegemea stendi yake, mama."

"Mimi nimeuza maziwa mpaka nimezeeka. Sijawahi kuyapima kopo likiwa limeinama."

Kijana akaisukuma mpaka mahali tambarare, akaisimamisha wima kwa stendi ya kati. Akakifuta kijiti, akakitumbukiza. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu, tena kwa mbali. Msicheke, ninyi wa pikipiki mliokaa huko nyuma, nawajua. Tangu jana oili haikuwa imepungua. Maji yalikuwa yameshazidi unga, na yeye bado anaongeza. Akalegeza bolti ya chini ya injini, akaimwaga kidogo kidogo mpaka ikasimama katikati ya alama mbili.

Alikuwa bado anaikaza ile bolti gari la wale madaktari lilipowapita, likirudi mjini. Mama hakuliona, alilisikia tu. Akauliza, "Hilo ni gari la nani?"

Amjibu nini? Wewe ungemjibu nini mama yako?

Ndugu zangu, kijana yule ni sisi. Hakuwa mvivu. Alimpenda mama yake, akaogopa, na hofu ikamfanya aamini kipimo kibaya. Mtoto wako amerudi na matokeo ya shule. Ukampima huku umeegemea mtoto wa jirani, ukaona amepungua. Ukaongeza masomo ya jioni, ukaongeza maneno makali, ukaongeza na fimbo. Sasa nyumbani kunafuka moshi, na wewe unatafuta chupa nyingine. Nani alikwambia amepungua? Uliposema hivyo, ulikuwa umesimama wima mbele za Mungu, au ulikuwa umeinamishwa na hofu yako?

Kabla hujaongeza chochote, simama vizuri, upime upya. Na ukikuta umezidisha, usione aibu kupunguza. Fanya leo ukifika nyumbani, kwa maana mimi naogopa, wapendwa. Gari lile likishapita, halipigiwi mbio.